Maswali ya Wasomaji: Bendi Kongwe, Sauti Mpya

Katika toleo lililopita safu hii iliisifu Blood of the Nations, albamu ambayo Accept, bendi ya hevi metali kutoka Solingen nchini Ujerumani, iliitoa mwaka 2010 baada ya kukaa miaka 14 bila albamu mpya, tena ikiwa na mwimbaji mpya, Mark Tornillo, mahali pa Udo Dirkschneider wa zamani, mtu ambaye wapenzi wengi wa bendi hiyo hawakuwahi kumsikia. Sifa hizo hazikuwafurahisha wote. Barua zilizotufikia zinazunguka jambo hilo hilo, na hapa tunazijibu tano.

SWALI: Ndugu Mhariri, naifuata Accept tangu enzi za Restless and Wild ya mwaka 1982, na kwangu mimi sauti ya Udo Dirkschneider ndiyo Accept yenyewe. Unawezaje kuiita albamu isiyo na sauti hiyo albamu ya Accept, na kuiweka jirani na zile za miaka ya themanini? Sina chuki na huyo Mark Tornillo, ila naona wamemchukua mtu wa kumuiga mwenzake. Nieleze ulichokisikia wewe ambacho mimi sikukisikia.

JIBU: Nakubaliana nawe kwamba sauti ya Dirkschneider haina mfano. Ni sauti ya juu, kavu, yenye mikwaruzo, inayotoka kana kwamba meno yamefungwa, na waimbaji wengi waliojaribu kuifuata waliishia kukohoa. Hata hivyo, naomba uurudie wimbo wa Fast as a Shark, ambao ndio unaoifungua Restless and Wild unayoipenda. Kwanza inasikika santuri kuukuu ya wimbo wa kienyeji wa Kijerumani, kisha sindano inakwaruzwa juu yake, kisha ukelele wa Udo unapasua hewa, na papo hapo ngoma mbili za miguu zinaanza kwenda kwa kasi ambayo mwaka 1982 haikuwa ya kawaida hata kidogo. Ukelele ule ni wa Udo peke yake, hilo halina ubishi, lakini kilichowafanya wapiga muziki wa metali wa miaka iliyofuata waukimbilie wimbo huo kama shule ni zile ngoma na lile gitaa linalozifukuzia.

Halafu tafuta wimbo wa Metal Heart wa mwaka 1985. Katikati yake mpiga gitaa Wolf Hoffmann anaacha kishindo chote na kupiga Für Elise ya Beethoven, noti kwa noti, kwa gitaa la umeme, na inapofika kwenye kiitikio sauti nzito za kiume zinaingia kwa pamoja, taratibu, mithili ya gwaride. Kwaya hiyo ya sauti za chini, rifu za Hoffmann na besi ya Peter Baltes inayokaa chini yake bila mbwembwe ndizo alama za Accept ambazo hazikutegemea koo la mtu mmoja. Kwa wasomaji wageni wa muziki huu, rifu ni kile kifungu kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa na kuubeba wimbo mzima.

Sasa sikiliza Teutonic Terror, wimbo wa pili katika Blood of the Nations, ukiwa na hayo akilini. Rifu inaingia kwa mwendo wa kati, ngumu, isiyo na haraka. Ngoma zinaipa nafasi badala ya kuikimbiza. Na kiitikio kinapofika, kwaya ile ile ya gwaride inarudi kana kwamba hakuna mwaka hata mmoja uliopita. Tornillo hapambani na mambo hayo, anaingia ndani yake. Mikwaruzo ya sauti yake hakuitengeneza kwa ajili ya kazi hii, kwa kuwa alikuwa nayo tangu miaka ya themanini alipoimba katika bendi ya TT Quick ya New Jersey, Marekani, na ndiyo maana neno lako la kuiga sikubaliani nalo. Ukilisikiliza koo lake kwa makini utaona lina nyama zaidi kwa chini kuliko la Udo, na kwamba anaweza kuiondoa mikwaruzo yote na kuimba sauti safi, kama anavyofanya mwanzoni mwa Kill the Pain, wimbo wa taratibu wa albamu hiyo. Udo naye aliwahi kutulia hivyo katika Winter Dreams ya mwaka 1983, lakini utulivu wake ulikuwa wa mtu mwingine kabisa.

Kipimo changu kwa albamu ya aina hii ni kimoja: nyimbo ziliandikwa kwa ajili ya koo la nani? Kama unaweza kumtoa mwimbaji mpya na kumrudisha wa zamani bila wimbo kupoteza chochote, basi bendi imemkodisha mtu wa kuziba pengo. Ukimtoa Tornillo katika The Abyss au katika Kill the Pain, wimbo unabomoka, kwa sababu umejengwa juu ya uwezo wake wa kushuka na kupanda. Hicho ndicho nilichokisikia.

Sikusema kwamba albamu haina kasoro. Inazidi saa moja, na saa moja ya rifu za namna hiyo ni nyingi hata kwa mpenzi sugu. Robo yake ya mwisho ingeweza kupunguzwa nyimbo mbili na mtu asilalamike.

SWALI: Mheshimiwa, umesahau kwamba Accept waliwahi kubadilisha mwimbaji hapo kabla wakaanguka vibaya? Eat the Heat ya mwaka 1989 niliinunua kwa matumaini, nikaisikiliza mara mbili nikaiweka pembeni. Kwa nini jambo lile lile lishindwe mwaka 1989 lifaulu mwaka 2010?

JIBU: Halikuwa jambo lile lile. Udo alipoondoka mwaka 1987, Accept walimchukua Mmarekani David Reece, na kosa la albamu ile hatuwezi kumbebesha yeye. Reece ni mwimbaji mwenye koo zuri la roki, lenye upana na utamu wa kutosha. Tatizo ni kwamba bendi ilibadilisha mwimbaji na papo hapo ikabadilisha muziki: rifu zikalainishwa, viitikio vikatengenezwa kwa ajili ya redio za Marekani, na ile kwaya ya gwaride ikafifia hadi ikawa pambo. Msikilizaji aliyeikosa sauti aliyoizoea alitafuta angalau gitaa alilolizoea, nalo hakulikuta. Chombo kinachobadilisha nahodha na tanga kwa siku moja hakijui tena ni upepo gani unaokisukuma. Bendi ilivunjika mwaka huo huo wa 1989.

Kuna kejeli ndogo hapa. Udo alipoondoka, albamu yake ya kwanza na bendi yake mpya ya U.D.O., Animal House ya mwaka 1987, iliundwa kwa kiasi kikubwa na nyimbo walizoziandika wenzake wa Accept. Kwa hiyo aliyeondoka alibaki na nyimbo za kale, na waliobaki wakaenda kutafuta mpya.

Baadaye walirudiana na Udo, wakatoa albamu tatu, ya mwisho ikiwa Predator ya mwaka 1996, kisha wakatawanyika tena. Hoffmann alikuwa amehamia Marekani na kufanya kazi ya kupiga picha. Mwaka 2009 wazo la kurudi lilipoiva, Udo hakutaka kuiacha bendi yake, na Tornillo akaitwa kuwajaribia nyimbo mbili tatu. Safari hii waligeuza kila kitu walichokosea mwaka 1989. Muziki haukuguswa. Utayarishaji walimkabidhi Andy Sneap, Mwingereza ambaye mwenyewe ni mpiga gitaa wa metali na aliyejua vyema Accept inatakiwa isikikeje. Ukisikiliza gitaa katika Pandemic utasikia mkwaruzo wa kila kamba ukiwa umeachwa ulivyo, bila kusuguliwa ukang'aa. Na hapakuwa na redio ya kuifurahisha, kwa sababu kufikia mwaka 2010 muziki wa metali ulikuwa umejifunza kuishi kwa matamasha na kampuni zake wenyewe za kurekodi. Faida ya kutotarajiwa na mtu ni kubwa kuliko bendi nyingi zinavyodhani.

Uthibitisho ulikuja taratibu. Stalingrad ilifuata mwaka 2012, na Blind Rage ya mwaka 2014, bado Tornillo akiwa kwenye kipaza sauti, ikawa albamu ya kwanza ya Accept kushika namba moja nchini Ujerumani. Enzi za Udo, pamoja na sifa zake zote, hazikuwahi kuifikisha huko.

SWALI: Ndugu Mhariri, ukiacha Accept, ni bendi gani kongwe iliyofanikiwa zaidi kubadilisha mwimbaji, na ipi iliyoshindwa? Mimi na mwenzangu tumebishana juu ya jambo hili mpaka tukaacha kusalimiana kwa wiki nzima. Yeye anasema Iron Maiden kwa yote mawili.

JIBU: Mwenzako ana hoja, msalimie. Lakini mfano wa kwanza kwangu ni Black Sabbath. Mwaka 1979 walimfukuza mwimbaji wao Ozzy Osbourne wakiwa wamechoka, baada ya albamu iliyopwaya, na watu wengi waliamini kwamba mambo yao yamekwisha. Aliyekuja ni Ronnie James Dio, aliyekuwa ametoka bendi ya Rainbow, na mwaka 1980 wakatoa Heaven and Hell.

Ili kuelewa kilichotokea, weka Iron Man ya mwaka 1970 kando ya wimbo wenyewe wa Heaven and Hell. Katika Iron Man, Ozzy anafuata gitaa la Tony Iommi hatua kwa hatua: noti inapopanda naye anapanda, inaposhuka naye anashuka, na uzito wa wimbo unatokana na sauti na gitaa kutembea kama kitu kimoja. Dio hakuimba hivyo. Gitaa linapokaa mahali pamoja yeye anatengeneza mwendo wake mwenyewe juu yake, anavuta silabi pale gitaa linapokata, ananyamaza pale linapojaza. Hilo lilimpa Iommi uhuru ambao hakuwahi kuwa nao. Aliweza kupiga rifu zenye nafasi tupu ndani yake, akijua kwamba kuna mtu wa kuzijaza. Katika wimbo huo kuna ubeti ambapo gitaa linakaa kimya kabisa na kuiacha besi ya Geezer Butler peke yake na sauti ya Dio juu yake. Ozzy, ambaye nampenda sana na aliyefariki dunia mwaka 2025, asingeweza kusimama pale. Wala hakuwa na haja, kwa sababu nyimbo zake zilikuwa za namna nyingine.

Mtayarishaji wa albamu ile alikuwa Martin Birch, na miaka miwili baadaye tunamkuta Birch huyo huyo studio na Iron Maiden, ambao nao walikuwa wamemwondoa Paul Di'Anno na kumchukua Bruce Dickinson kutoka bendi ya Samson. Matokeo yake, The Number of the Beast ya mwaka 1982, yalikuwa albamu yao ya kwanza kushika namba moja Uingereza. Kisa cha kurekodi wimbo uliobeba jina la albamu kinajulikana: Birch alimrudisha Dickinson tena na tena kwenye mistari ile michache ya mwanzo, inayoimbwa kwa sauti ndogo, mpaka mwimbaji akachoka kwa hasira, na ule ukelele mrefu unaofuata mistari hiyo ukabeba hasira yote. Kwa sababu ya mkataba wake wa awali na Samson, Dickinson hakuweza kuandikwa kama mtunzi katika albamu ile. Lakini sikiliza Hallowed Be Thy Name, wimbo uliotungwa na mpiga besi Steve Harris, uone jinsi noti ndefu zilivyoachwa wazi makusudi kwa ajili ya mtu mwenye pumzi za kuzishika.

Hapo ndipo upande wa pili wa hoja ya mwenzako unapokuja. Dickinson aliondoka mwaka 1993, na nafasi yake ikachukuliwa na Blaze Bayley kutoka Wolfsbane, mtu mwenye sauti nzito ya chini. Iron Maiden waliendelea kuandika na kupiga kwa ufunguo ule ule wa juu waliouzoea, yaani kimo kile kile cha sauti. Katika The X Factor ya mwaka 1995 unamsikia Bayley akiwa nyumbani pale wimbo unapotulia na kushuka, kisha kiitikio kinakuja na kumpandisha mahali ambapo koo lake halikukusudiwa kufika. Jukwaani hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu kila usiku alilazimika kuimba nyimbo zilizopimwa kwa kifua cha Dickinson. Waliompigia kelele walimkosea. Nyimbo zenyewe zilikuwa nzuri: Dickinson aliporudi mwaka 1999 aliendelea kuimba Sign of the Cross na The Clansman, zote za enzi za Bayley, na zimo katika Rock in Rio, albamu ya jukwaani iliyotoka mwaka 2002. Zisikilize kwa sauti zote mbili ujionee mwenyewe umbali uliopo kati ya wimbo na ufunguo wake. Mimi Sign of the Cross bado naipenda zaidi ikiimbwa na Bayley, kwa kuwa ni wimbo wa kiza na sauti yake ina kiza. Hilo mwenzako anaweza kunibishia.

SWALI: Je, si ingekuwa rahisi kumchukua mtu anayejua kuimba kama mwimbaji wa zamani, hasa hawa wanaoimba katika bendi za kunakili?

JIBU: Judas Priest, bendi ya metali ya Uingereza, walifanya hivyo. Mwimbaji wao Rob Halford alipoondoka, walimpata Tim Owens wa Akron, Ohio, aliyekuwa akiimba nyimbo za Judas Priest katika bendi ya kunakili iliyojiita British Steel. Aliingia mwaka 1996 na albamu yake ya kwanza nao, Jugulator, ikatoka mwaka uliofuata. Owens aliweza kufanya kila alichokifanya Halford, tena kwa koo changa zaidi, na jukwaani hakuna wimbo wa zamani uliomshinda. Ila bendi ilipokaa kuandika nyimbo mpya ilimpa muziki mzito, wa kukasirika mwanzo hadi mwisho, usiomwachia nafasi ya kuonyesha sauti aliyonayo ambayo Halford hana. Burn in Hell inakaribia kufanya hivyo. Nyingine nyingi hazikaribii. Baada ya Demolition ya mwaka 2001, Halford alirudi mwaka 2003. Bado naamini kwamba Owens hakupewa albamu yake.

SWALI: Ndugu Mhariri, nani mwenye haki ya jina? Mwimbaji akiondoka, wengine waendelee kuliuza jina lile lile kwa wapenzi wao, hilo si udanganyifu?

JIBU: Kisheria ni suala la mikataba na alama ya biashara, na hutatuliwa mahakamani au kwa maelewano kabla ya hukumu. Bendi ya Queensrÿche ya Marekani ilipoachana na mwimbaji wake Geoff Tate mwaka 2012, kwa muda kulikuwa na bendi mbili zenye jina hilo hilo, na mwaka 2013 kila moja ilitoa albamu yake, moja ikiwa na Tate na nyingine ikiwa na mwimbaji mpya Todd La Torre. Mwaka 2014 walielewana, na jina likabaki kwa wale walioendelea na La Torre. Ozzy naye alimshtaki Iommi mwaka 2009 kuhusu jina la Black Sabbath, na mwaka uliofuata wakapatana.

Njia ya uungwana zaidi niijuayo ilikuwa ya Iommi, Butler, Dio na mpiga ngoma Vinny Appice. Walipoungana tena mwaka 2006, waliamua kujiita Heaven & Hell, ili mtu asinunue tiketi akitarajia kumwona Ozzy na kusikia nyimbo zake. Albamu yao, The Devil You Know ya mwaka 2009, ilitoka kwa jina hilo, na Dio alifariki mwaka uliofuata. Mwenye moyo wa kuliacha jina kubwa kama lile ni nadra kupatikana.

Kwa Accept sioni udanganyifu. Jina la mwimbaji halikufichwa popote, na Udo hakuzuiwa kuimba nyimbo zake: kuanzia mwaka 2016 alizunguka akipiga nyimbo za Accept kwa jina la Dirkschneider, na kumbi zikajaa. Anayezitaka nyimbo za kale kwa sauti ya kale anajua pa kwenda. Kwa yule msomaji wa swali la kwanza, na wengine walioiweka Blood of the Nations pembeni bila kuimaliza, pendekezo langu ni kwamba msianze na wimbo wa kwanza, Beat the Bastards, kwa kuwa ndio unaowakaribisha zaidi kuwalinganisha waimbaji hawa wawili. Anzeni na Teutonic Terror, mwende Kill the Pain, mrudi The Abyss, kisha ndipo mwanze albamu upya kwa mpangilio wake.